Asiyefika Liru

"Mama Candiru, hii binti yako kila siku iko njiani tu. Nyumbani itafika lini?"

Jovia ndiye aliyeuliza, tena kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa jirani mgeni pale Onduparaka, mwanamke wa upande wa Kongo aliyepanga chumba nyuma ya ua na kuanza kukaanga mihogo kando ya barabara. Siku hiyo alikuwa ametoka Arua mjini, na huko aliona tangazo kubwa limebandikwa ukutani: mwanamke kafunga kitenge kiunoni, kibuyu begani, mlima mbele yake. Mtoto wa shule akamsomea maneno ya chini: Candiru Bado Yuko Njiani. Jovia akalishika jina. Si jirani yake ndiye anayeitwa Mama Candiru? Akaibeba habari ile kama mtu abebaye zawadi, akaja kuitua mbele ya mama mtu, Drateru, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua maharage.

Drateru hakuinua macho. "Binti yangu iko Koboko," alisema. "Imelala."

"Kwa bwana yake?"

"Kwa bwana yake. Nyuma ya nyumba, chini ya udongo."

Jovia akaziba mdomo kwa kiganja. "Mungu wangu! Nisamehe, mama. Sasa ile ya kwenye picha ni nani?"

"Hiyo muulize mutu iko ndani."

Mtu aliyekuwa ndani ni Ayiko, mtoto wa kiume wa Drateru, na alikuwa amesikia yote kwa dirisha. Dirisha lile lilikuwa na nondo nene. Alizitia mwenyewe mwaka ule nyumba ilipomalizika, maana mwandishi ana kompyuta na wezi wana macho. Mama yake chumba kile hakukiita ofisi kamwe. Alikiita selo, kama ya polisi. "Nenda ukamwite ndugu yako, yuko selo," angewaambia wageni, nao wangecheka, lakini yeye hakucheka.

Ayiko aliweka mikono juu ya meza akaitazama. Mikono hiyo ndiyo iliyomwandika Candiru kwa vitabu vitano, na swali la Jovia lilikuwa swali lilelile ambalo wasomaji walimwandikia kutoka Kampala, Nairobi na hata ng'ambo: atafika lini? Wao waliuliza kwa sababu walifurahi kungoja. Leo kwa mara ya kwanza alilisikia likiulizwa mbele ya mama aliyemzaa.

Kwa Walugbara, kabila la akina Ayiko, jina ni habari. Mtoto anapewa neno la mambo yaliyokuwapo nyumbani siku alipozaliwa, ili kila anayemwita akumbuke. Drateru alimzaa binti wa kwanza wakati wa dhiki, akamwita Candiru, yaani taabu. Alipokuja wa kiume mambo yalikuwa yamelegea kidogo, mihogo imejaa shambani Adumi, akamwita Ayiko, yaani furaha. Baadaye, vitabu vilipoanza kujenga nyumba ya matofali, watu wa Onduparaka walipata la kusema. "Tazama dunia," walitaniana kwenye kituo cha bodaboda. "Furaha anakula jasho la Taabu." Ayiko alicheka nao. Siku hizi hapiti tena kituoni.

Mambo yalianza hivi. Ayiko alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Kila kinyozi na kila muuza magodoro wa Arua alimjua. Dada yake alikuwa ameolewa Koboko na Nasuru, Mkakwa, Mwislamu, mtoto wa mwanajeshi, muuza vipuri vya pikipiki. Dada alipougua na kulazwa huko Koboko, Ayiko aliacha brashi zake akaenda kukaa naye. Siku za hospitali ni ndefu, hazina kazi. Kitanda kilikuwa dirishani, na dirishani ulionekana mlima Liru.

"Nikipona nitaupanda," Candiru alisema.

"Kwa nini ungoje? Panda sasa."

Ayiko akachukua kalenda ya zamani, akachora nyuma yake mlima na njia. Akaomba dadu mbili kwa wagonjwa waliokuwa wakicheza ludo. Akamwambia: "Uko chini ya Liru. Una kibuyu kimoja cha dawa. Mbele yako kuna mto, na kwenye mto kuna kitu kinachozungumza. Unafanya nini?"

"Namuuliza mama yake ni nani," alisema Candiru, na wagonjwa wote wakacheka. Dadu zikaamua kwamba kile kitu kiliona haya, kikampisha.

Basi ikawa hivyo, siku kwa siku. Ayiko anasema kilichopo, Candiru anasema atafanya nini, dadu zinahukumu. Nesi alikuwa akipitisha sindano huku anauliza, "Amefika wapi leo?" Candiru alivuka mito, alisema na chui, alilaza jeshi zima kwa kuwapikia. Ikabaki kona moja tu kabla ya kilele. Candiru akafumba macho, akasema, "Nimechoka. Tutamaliza kesho." Hakuamka kuimaliza.

Ayiko aliikunja ile kalenda akarudi nayo Arua, na kwa muda mrefu hakuigusa. Kisha siku moja mvua ilivunja mechi pale kiwanjani, vijana wakajibanza kwenye baraza la duka alilokuwa akilipaka rangi, wananuna. Akawaambia, kama mtu anayeota: "Mko chini ya mlima. Mna kibuyu kimoja." Mvua ilikwisha na hakuna aliyeondoka. Kesho yake walirudi na wenzao.

Huo ndio mchezo uliompa jina. Si wa kumshinda mtu, ni wa kukaa pamoja na kuwa watu wengine kwa saa chache: mmoja mwindaji, mmoja mhunzi, mmoja mganga, na mwongozaji mmoja anayewaeleza dunia. Ayiko aliutungia kanuni, akachora kadi, akapeleka sanduku la kwanza kwenye maonyesho Kampala. Kampuni moja huko ikaupenda. Wakauchapa, wakamwambia aandike na riwaya, hadithi ndani ya dunia ileile. Akaandika. Candiru mganga, mwenye kibuyu na mdomo usioogopa chui, akapendwa kuliko wote.

Siku ya mkataba alikosea, na kosa lile ni la Mlugbara tu. Walimuuliza, "Majina haya yote unatuachia?" Akacheka. Arua nzima kuna akina Candiru wangapi? Shangazi, muuza nyanya, mke wa katekista. Jina lile si mali ya mtu, ni taabu tu iliyotajwa. Alijiuliza moyoni: nani duniani atanunua taabu? Akatia sahihi huku anatabasamu. Kumbe yuko anayenunua. Tangu siku ile Candiru mwenye kibuyu akawa wao, na neno lao kwake lilikuwa moja, kwa kila kitabu: atembee, ahangaike, apendwe, ila asifike. Akifika mlima umekwisha, na mlima ukiisha nani atanunua sanduku?

Alijaribu kutoka, Mungu anajua. Alitunga riwaya ya msichana mcheza mpira wa hapo Onduparaka. Wakamrudishia na swali: Candiru yuko wapi humu? Alitunga mchezo mwingine, wa wachuuzi wa mpakani Koboko na maafisa wa forodha, wenye vichekesho vingi. Vijana walewale wa baraza waliucheza nusu, kisha mmoja akauliza kwa adabu, "Kaka Ayiko, Candiru anaingia wapi?" Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akarudi kwenye meza yake, nyuma ya nondo zake, na Jumamosi aliposikia kiwanja kikinguruma kwa bao alinyanyua kichwa tu, kama mbuzi aliyefungwa anayesikia wenzake malishoni.

Juma lile la swali la Jovia ndilo alilokuja Peace. Huyu ni mhariri wa kampuni, asili yake Adumi, ila alikulia Kampala, na aliongea lugha ya kwao kama anayekanyaga mawe ya moto. Hakuwa mtu mbaya. Alimpigia magoti Drateru kumsalimia, akamletea sukari na sabuni.

"Vitabu vitatu vingine," alimwambia Ayiko. "Na watu wa ng'ambo wanataka kuutia mchezo kwenye kompyuta. Kaka, hili ni jambo kubwa."

"Atafika?"

Peace akatazama chini. "Unajua wanavyosema."

"Na nikikataa?"

"Wameshapata kijana wa kuandika badala yako. Anaandika vizuri. Hajawahi kuvuka daraja la Karuma kuja huku, lakini amesoma vyako vyote. Ningependa uwe wewe. Nitakaa hapa Arua mpaka Jumamosi, nikiondoka niondoke na jibu lako."

Drateru alisikiliza yote hadi mgeni alipoondoka. Alikuwa mwanamke wa ibada. Mumewe alipofariki hakuolewa tena, akaiweka rozari yake mahali pa mume. Alisema maneno machache, na aliyatoa polepole kama mtu anayetoa nafaka ghalani akijua zilizobaki.

"Kila Jumapili naenda kanisani Ombaci," alisema. "Naombea raha ya milele. Padri anasema amina, nami nasema amina. Nikirudi hapa nakuta wewe umemwamsha tena, unamtembeza. Mwanangu, yule mtoto umemchosha."

"Mama, nikimwacha, mtu mwingine atamtembeza. Mtu asiyemjua."

"Na wewe ukiendelea?"

Hapo ndipo alipobanwa, na kila alipojigeuza aliukuta ukuta uleule. Akiandika, ni yeye anayemnyima dada yake pumziko. Akiacha, anamkabidhi kwa mgeni.

Akakumbuka Nasuru. Mume ana neno lake. Pengine Nasuru angesimama na kuwaambia watu wa Kampala: huyu alikuwa mke wangu, mtu wa kweli, mwacheni. Siku ya pili yake Ayiko akapanda gari la asubuhi kwenda Koboko.

Nasuru alikuwa dukani kwake, kati ya minyororo ya pikipiki na matairi yaliyoning'inia, mwili umeongezeka, kofia imekaa upande. Alimwona mgeni wake akapiga kelele hadi ng'ambo ya barabara.

"Jamani! Shemeji mutu ya vitabu! Umekuja kuniandika tena? Kitabu ya pili umesema mume wa Candiru iko mnene, inalala mlangoni. Koboko yote sasa inaniita Mlinzi!"

"Nilikuandika kwa heshima, shemeji."

"Heshima gani na kukoroma? Umeweka ati nakoroma mpaka chui inakimbia!" Akamkumbatia, akamvuta ndani. Mariam Poni, mke aliyeolewa baadaye, akaleta chai na kuwaacha waongee.

Ayiko akaeleza. Nasuru alisikiliza, kicheko kikaisha taratibu usoni.

"Unataka mimi niseme nini?"

"Kwamba alikuwa mke wako. Kwamba hawana haki."

"Shemeji, hiyo ya kwenye kitabu haiko bibi yangu. Bibi yangu hakubeba kibuyu. Alibeba mtoto, na maji, na hasira yake." Alitabasamu kidogo. "Mimi nilizika yeye na mikono hii. Nilisoma dua, nilichinja, nililia mpaka watu wakaniona haya. Halafu nikaoa, na Mungu haikunikasirikia. Kwangu mimi Candiru haiko. Nikipita kaburini nasalimia, naenda kazini. Kwako wewe bado iko. Hiyo ndiyo shida yako, na Kampala haikuiweka."

Hapo akaingia Keji, binti wa marehemu, aliyeachwa angali anatambaa na sasa alimpita mama yake wa kambo kimo. Alipiga goti kumsalimia mjomba. Alikuwa na paji la uso la mama yake, ila ulimi ulikuwa wa baba.

"Mjomba, umekonda. Hawakulishi Arua?"

"Wananilisha. Bado mnacheza mchezo wangu?"

"Huo wa Liru? Tulimaliza zamani."

Ayiko akadhani hakusikia vizuri. "Mlimaliza nini?"

"Mchezo. Tulicheza na Duku, mtoto wa jirani, na wasichana wa shule. Candiru alifika juu."

"Kitabu hakisemi hivyo. Hakuna kadi ya kilele kwenye sanduku."

"Kadi ya nini? Si mwongozaji anasema tu kilichopo? Mwongozaji alikuwa mimi." Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Alifika, akakaa. Tukaenda kula. Kesho yake tukaanza mchezo mwingine, wa wahunzi."

Nasuru akamtazama shemeji yake, kisha akaitazama chai. Nje mtu aliita kutaka breki za pikipiki, lakini hakuna aliyeinuka.

Jioni hiyo Ayiko alirudi Onduparaka na maneno yale mawili kichwani, alifika, akakaa, kama kokoto kwenye kiatu. Akamweleza mama yake wakati wa chakula. Alitegemea atalia. Drateru aliacha tonge hewani.

"Ina maana huo mchezo, anayekaa mkekani ndiye mwenye neno?"

"Ndiyo, mama. Vitabu ni vyao. Mkekani kila kundi lina hadithi yake."

"Hata mimi?"

"Wewe?"

"Mimi sijui kusoma sana, lakini dadu naona matundu yake." Akamaliza tonge, akanawa. "Jumamosi nitacheza. Nitampeleka mtoto wangu mwenyewe mpaka pale alipokuwa anakwenda. Akishafika kwetu, hao wengine waandike wanavyotaka, watakuwa wanaandika picha tu. Utaweza kuwaambia hapana?"

Ayiko alilipima neno lile pande zote. Ndilo tundu pekee aliloliona ukutani tangu aingie. "Akifika kwetu, mama, sitatia sahihi. Nakuahidi."

"Umesema mbele ya Mungu."

"Nimesema."

Siku zilizobaki alitembea mwepesi. Alifungua dirisha lote. Alimtania Jovia kwamba mihogo yake ina mafuta kuliko pikipiki za Koboko, na Jovia akamjibu, "Leta sufuria yako basi, nikugawie mafuta ya kuandikia." Alitoa ile kalenda ya hospitalini, akaipiga pasi kwa kiganja.

Jumamosi Peace alikuja mapema kuliko alivyotarajiwa, na mkataba wake ndani ya bahasha. Drateru akamkaribisha kwenye mkeka sebuleni.

"Binti, subiri kwanza. Tunacheza."

"Nani anacheza, mama?"

"Mimi. Wewe utakuwa shahidi. Mtu akicheza nyumbani kwake, kampuni yenu ina neno?"

Peace alishangaa, kisha akacheka kwa upole. "Hapana, mama. Mezani ni kwa walioketi. Hilo ndilo tunalouza."

"Vizuri. Ayiko, nipe kanuni."

"Kanuni ni chache," alisema Ayiko. "Mimi nasema kilichopo. Wewe unasema unafanya nini. Dadu zinaamua. Zikizidi saba umefaulu."

"Na wewe unaweza kusema chochote?"

"Naweza. Ila mwongozaji mzuri hasemi kitu kumzuia mtu. Anasema kile anachokiona kweli."

Drateru akachukua punje ya haragwe, akaiweka kwenye njia ya kalenda, pale chini kabisa ya mlima. "Huyo ni yeye. Nianzie mwanzo, nisimdandishe juu kama mzigo."

Wakaanza. Ayiko alimwekea mto na kile kitu kinachozungumza. Drateru hakukiuliza mama yake ni nani. Alisema, "Nakisalimia, nakiuliza habari za nyumbani." Akafanya ishara ya msalaba, akatupa dadu.

"Mama, msalaba uko kwenye kanuni?" Peace aliuliza.

"Kanuni imekataza?"

"Haijakataza."

"Basi nyamaza, binti yangu, uhesabu."

Zikawa tisa. Akavuka. Akaja chui. Drateru akasema, "Namwambia nina haraka, mtoto wangu anangojewa." Peace aliziba mdomo asicheke, na chui akapisha. Likaja jeshi, naye hakulipikia. Alikaa kando ya njia mpaka likapita. "Majeshi hupita," alisema. "Sisi watu wa West Nile tunajua." Mara moja dadu zilimkatalia akaanguka kwenye korongo. Hakulalamika. Alisema, "Naamka polepole," akatupa tena, akaamka. Ayiko hakuwahi kuona mtu anacheza hivyo: hakupigana na chochote, hakuiba, hakujisifu, alikuwa anakwenda tu. Na kadiri haragwe lilivyopanda ndivyo sauti ya Ayiko ilivyorudi kuwa ile ya dirishani Koboko, na kila alichokisema alikiona.

Likafika kwenye kona ya mwisho. Alama ya kalamu ya dada yake ilikuwa bado pale, mstari mdogo uliotetereka. Kiwanjani watu walikuwa wameanza kuimba, ila sebuleni pumzi zilisikika.

"Nini kipo?" aliuliza Drateru.

"Kona. Mwinuko mkali, mawe yanaserereka. Umechoka."

"Nimechoka, lakini naendelea." Akafanya msalaba, akatupa. Dadu zikabingirika hadi kwenye goti la Peace.

"Kumi na moja!" Peace alipiga kofi, akasahau amekuja kwa kazi gani. "Mama, umepita!"

Drateru akalisogeza haragwe kwa kidole kimoja, polepole, akalipitisha kona, akaliweka mahali ambapo kalenda haikuwa na mchoro wowote. Akainua uso. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Ayiko aliona jinsi mama yake alivyofanana na binti yake.

"Nimepita," alisema. "Nini kipo?"

Ayiko alikiona. Alikiona waziwazi kuliko vitu vyote alivyowahi kuandika: majani mafupi yaliyolazwa na upepo, jiwe pana la kukalia, Koboko chini na mabati yake, na barabara inayokwenda Arua kama uzi. Palikuwa kimya, pametulia. Ilibaki aseme tu. Umefika, mama. Maneno mawili, na moja lilikuwa limeshapanda kwenye ulimi.

Akalitazama haragwe. Lilikuwa dogo mno. Akilisema lile neno, lile haragwe litakuwa haragwe tu. Kesho asubuhi ataingia chumbani, ataketi, na hapatakuwa na mtu wa kumuuliza leo unafanya nini. Hakuna atakayemjibu mambo ya kuchekesha. Kitanda cha dirishani kitakuwa kimetandikwa. Hakukuwa na Kampala pale, hakukuwa na mkataba wala kijana asiyevuka Karuma. Alikuwa yeye peke yake, na mkono uliolishika komeo la selo ulikuwa wake.

"Ayiko," mama alisema. "Nimekuuliza nini kipo."

"Mbele yako," alisema, na sauti yake akaisikia kama ya mtu mwingine, "kuna mto."

Peace aligeuka kumtazama.

"Mto?"

"Mto mkubwa, mama. Umefurika."

"Juu ya kilele?"

"Ndiyo. Mvua imenyesha juu. Maji ni mengi, na ng'ambo hakuonekani. Unafanya nini?"

Drateru hakuzigusa dadu. Alimtazama mwanawe kwa muda, bila hasira, jinsi alivyokuwa akimtazama binti yake kitandani siku zile madaktari walipoacha kueleza. Peace aliishika bahasha yake kwa mikono miwili akaitazama sakafu. Kule kiwanjani bao likaingia, na Onduparaka nzima ikalipuka kwa shangwe.

"Unafanya nini, mama?" aliuliza tena, taratibu, karibu anaomba.

Mama yake alijiegemeza kwenye goti, akainuka. Alikaza kitenge kiunoni, akavaa kandambili zake mlangoni, moja baada ya nyingine, akatoka nje.